Mama Yake Swema: Kumtafuta Mwanamke Mkulima wa Karne ya 19 Katika Maandishi

Walimu wa lugha tumezoea kudhani kwamba habari za kale ni kazi ya mwalimu wa historia. Lakini mtu atakaye kujua habari za bibi wa bibi yake, mwanamke aliyelima kwa jembe la mkono miaka mia moja na hamsini iliyopita, atakutana na mambo ya lugha kabla ya jambo jingine lolote: jina, neno la ujamaa, neno lililotafsiriwa, na neno lililoachwa. Kwa hiyo tumeona yafaa katika jarida hili la walimu wa Kiswahili tulitazame swali moja. Je, mwanamke mkulima wa karne ya 19 katika Afrika ya Mashariki aweza kutafutwa, yeye na jamaa yake, katika maandishi yaliyohifadhiwa? Na akipatikana, ni sehemu gani ya maisha yake tunayoipata?

Swali hili hutujia mara kwa mara sisi tunaofundisha Kimisagara, chini ya Mlima Kigali, karibu na Nyabugogo wanaposhuka wasafiri kutoka pande zote za Rwanda. Wanafunzi wetu ni watoto wa watu wa vilima vingi. Wakiambiwa waandike insha juu ya ukoo wao, wengi huweza kumtaja baba na babu. Wakiulizwa juu ya mama wa bibi yao, daftari hubaki jeupe. Wako pia wasio na wa kumwuliza, kwa maana wazee waliokuwa wakiyajua mambo hayo waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mtoto wa namna hiyo akituuliza, “Mwalimu, je, iko karatasi yoyote?”, hatuna budi kuwa na jibu.

Katika makala haya tutachukua kisa kimoja kinachojulikana, tukifuate mahali kilipoandikwa, tukipime kwa maandishi mengine ya wakati ule, kisha tutazame kinatufundisha nini juu ya utafutaji wa jamaa zetu hapa Rwanda.

Kisa cha Swema na mama yake

Katika miaka ya katikati ya 1860, mtoto wa kike Myao, mwenye umri wa miaka kama kumi, alifikishwa Unguja akiwa karibu ya kufa. Jina lake lilikuwa Swema. Aliokolewa akatiwa mikononi mwa watawa wa misheni ya Kikatoliki iliyokuwa imeanzishwa Unguja mwaka 1860 na mapadre waliotoka kisiwa cha Réunion, na ambayo tangu mwaka 1863 iliongozwa na Padre Antoine Horner wa Shirika la Roho Mtakatifu. Swema alisimulia maisha yake, na masimulizi hayo yakaandikwa kwa Kifaransa. Mwaka 1870 yalichapishwa Paris na Padre Gaume kama kitabu cha kuwasomesha wasichana Wakristo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1983, mwanahistoria Edward Alpers aliyachambua upya katika kitabu juu ya wanawake na utumwa katika Afrika, akayaweka mbele ya wasomaji wa Kiingereza.

Muhtasari wake ni huu. Swema alizaliwa Uyao, nchi iliyo kati ya pwani ya kusini na Ziwa Nyasa. Baba yake alikuwa mwindaji, mama yake alikuwa mkulima. Baba aliuawa na simba. Baadaye nzige walishuka wakala mazao, na jamaa ikazidi kupungua hata wakabaki mama na binti peke yao. Mama akajenga kibanda mahali pengine, akaanza tena kulima. Kwa kuwa hakuwa na akiba wala mbegu, alikopa nafaka kwa jirani kwa ahadi ya kulipa baada ya mavuno. Mavuno hayakutosha. Msafara wa wafanya biashara ulipopita, mdai akamchukua Swema akamtoa kwa wafanya biashara hao, naye akapewa kitambaa.

Mama hakukubali kuachwa nyuma. Aliwaomba wenye msafara wamchukue naye pia ili asitengane na mtoto wake, akajitwika mzigo wa pembe ya ndovu. Yule aliyekuwa mtu huru jana akageuka mpagazi na mtumwa kwa hiari ya uchungu. Njia ilikuwa ndefu, chakula kilikuwa kichache, na nguvu zake zilikwisha. Aliposhindwa kuendelea aliachwa njiani afe, na mtoto aliyemng'ang'ania akapigwa na kuburutwa aendelee na safari. Swema alifika Kilwa, akapakiwa chomboni hadi Unguja. Huko alionekana kuwa si bidhaa tena bali hasara, akazikwa kaburi la juu juu ilhali angali hai. Kijana mmoja mtu wa Réunion alimsikia, akamfukua, akampeleka kwa watawa. Alipobatizwa alipewa jina la Madeleine.

Mdogo huyo twamjua kwa majina mawili. Mama yake hatumjui hata kwa jina moja. Mwanamke ambaye ndiye mti wa kisa chote, aliyekopa, aliyelima, aliyebeba pembe na kufa kwa ajili ya mwanawe, anaitwa tu “mama yangu”. Ni kweli kwamba katika mila nyingi zetu mtoto hamtaji mzazi kwa jina, na huenda Swema alinyamaza kwa adabu. Huenda pia mwandishi hakuuliza. Kwa vyovyote vile, hapo ndipo mtafuta ukoo anapogonga ukuta wake wa kwanza.

Kuusoma mkopo wa nafaka

Hata hivyo, kukosa jina si kukosa kila kitu. Tukiyasoma masimulizi haya kwa utulivu, twaweza kuona jinsi nyumba ya mkulima wa wakati ule ilivyosimama na jinsi ilivyoanguka.

Kwanza, nyumba ile ilisimama juu ya nguzo mbili: nyama na pembe za mume mwindaji, na nafaka ya mke. Nguzo moja ilipovunjika, ya pili ilibeba uzito wote. Walipokuja nzige, hapakuwa na akiba ya pembeni. Pili, katika desturi za Wayao nasaba hufuata upande wa mama, na mwanamke pamoja na watoto wake huwa chini ya ulinzi wa kaka yake au mjomba mkubwa. Ndiyo maana yafaa tuulize: mjomba alikuwa wapi siku ile? Masimulizi hayatuonyeshi mtu akija kuukomboa mkopo. Mama huyu alikuwa amehama, akaishi kati ya majirani wasio wa tumbo lake. Alikuwa na jembe, shamba na bidii, lakini hakuwa na mtu wa kusimama mlangoni mwake na kusema, “Huyu ni wetu.”

Tatu, kuna jambo la deni lenyewe. Waswahili husema kukopa harusi, kulipa matanga. Msemo huo twaufundisha darasani kwa kicheko kidogo, tukiwaonya vijana wasipende kukopa. Katika kisa hiki ni matanga hasa. Zamani katika sehemu nyingi za nchi zetu mtu aliweza kuwekwa rehani kwa deni, akae kwa mdai na kumfanyia kazi hata ndugu zake wamkomboe. Ilikuwa desturi ngumu, lakini ilikuwa na mlango wa kurudia nyumbani. Biashara ya misafara iliufunga mlango huo. Mdai aliyekuwa na msafara karibu hakuwa na haja ya kungoja mavuno ya mwaka ujao: mtoto aliyechukuliwa asubuhi alikuwa njiani kwenda Kilwa jioni. Hivyo twaelewa kwamba nzige peke yao hawakuiangamiza jamaa hii. Nzige walileta njaa, njaa ikaleta deni, na bei ya watu pwani ikaligeuza deni kuwa utumwa.

Mambo haya yote yamo katika maandishi ya kimisionari yaliyokusudiwa kufundisha dini, na mengi yake hayakuwa na faida yoyote kwa nia ya mwandishi. Hapa tunapata kanuni ya kwanza ya msomaji wa nyaraka: habari ambayo mwandishi hakuwa na sababu ya kuibuni, ambayo aliitaja kwa kupita tu, aghalabu ndiyo ya kuaminiwa zaidi. Mkopo wa nafaka ni habari ya namna hiyo. Hotuba ndefu za uchaji na msamaha zilizomo kitabuni hazina budi kusomwa kwa tahadhari zaidi, kwa sababu hizo ndizo zilizompendeza mchapishaji wa Paris.

Kupima kwa maandishi mengine

Kanuni ya pili ni kwamba shahidi mmoja hatoshi. Twende basi tukatazame mashahidi wengine wa njia ile ile na miaka ile ile.

David Livingstone alishuka Mikindani mwaka 1866, akapanda kwa kuufuata mto Ruvuma hadi Ziwa Nyasa. Mwezi wa Juni mwaka huo aliandika katika shajara yake kwamba walipita karibu na maiti ya mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti. Watu wa nchi ile walimweleza kuwa mwanamke huyo alishindwa kwenda pamoja na wenzake, na bwana wake hakutaka apate nafuu na kuwa mali ya mtu mwingine. Shajara hizo zilichapishwa mwaka 1874, baada ya kuletwa pwani na Chuma, Susi na wenzao waliouchukua mwili wa Livingstone. Chuma mwenyewe alikuwa Myao aliyefunguliwa kutoka utumwani mwaka 1861. Kwa hiyo shahidi huyu wa pili, asiyejua lolote juu ya Swema, anaonyesha kwamba kumwacha mwanamke mchovu afe njiani kulikuwa jambo la kawaida katika misafara ya nchi ile.

Shahidi wa tatu ni daftari la ushuru. Kilwa palikuwa na nyumba ya forodha, na kila mtumwa aliyepakiwa chomboni alitozwa ushuru. Takwimu hizo zilifika mikononi mwa ubalozi wa Kiingereza wa Unguja, zikapelekwa London na kuwekwa mbele ya kamati ya Bunge ya mwaka 1871. Zinaonyesha kwamba katika miaka mitano, tangu 1862 hadi 1867, walipita Kilwa watumwa 97,203. Kati yao 76,703 walipelekwa Unguja, na 20,500 mahali pengine. Tukigawanya, twapata zaidi ya watu 19,000 kila mwaka, yaani kama watu 53 kila siku ya Mungu.

Hapa, ndugu msomaji, yafaa tusimame kidogo. Daftari hili ni nyaraka rasmi, lenye hesabu safi mpaka mtu wa mwisho. Lakini halina jina hata moja. Karani alihesabu vichwa kwa kuwa kila kichwa kilikuwa na kodi yake. Kama Swema alipita katika miaka hiyo, basi yeye ni moja katika ile 76,703. Mama yake hayumo hata katika hesabu, kwa kuwa alikufa kabla ya kufika forodhani, na maiti hailipiwi ushuru. Jumla hiyo kubwa ni hesabu ya waliofika. Waliobaki njiani hawakuandikwa na serikali yoyote.

Kwa hiyo, mama huyu hakupatikana katika daftari la serikali. Alipatikana katika kinywa cha mwanawe. Tunalisema hili bila kudharau nyaraka za serikali, ili ijulikane kwamba kila nyaraka ina macho yake na upofu wake. Daftari la forodha laona mali. Shajara ya msafiri yaona njia. Kitabu cha misheni chaona roho ya kuokolewa. Mkulima mwenye jembe huonekana pembeni mwa kila kimoja.

Madaftari ya majina

Yako pia madaftari yaliyoandika majina. Rigby, balozi mdogo wa Kiingereza Unguja tangu 1858 hadi 1861, aliwafungua watumwa waliokuwa wakimilikiwa na Wahindi raia wa Kiingereza, na orodha za watu hao ziliandikwa. Mapatano ya Juni 1873, yaliyotiwa saini na Sultani Barghash, yalilifunga soko la watumwa la Unguja. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba, lakini kwa sharti kwamba mtumwa mwenyewe aende mahakamani kudai uhuru wake. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo. Walingoja hadi mwaka 1909. Kutokana na maombi hayo yalipatikana madaftari yanayotaja jina la mtu, kabila lake na bwana wake. Bara, chini ya Wajerumani, zilitolewa hati za uhuru.

Mtafutaji wa habari za mwanamke aliyelima mashamba ya karafuu Pemba huweza kuanzia hapo. Lakini na ajue anachokitazama. Jina analolikuta aghalabu ni jina alilopewa na bwana wake. Mwanamke aliyezaliwa na jina la Kiyao, Kinyasa au Kinyamwezi huandikwa kwa jina la utumwani, kama vile la siku ya juma, la bahati au la pongezi kwa bwana. Neno la kabila nalo huweza kuwa la njia aliyopitia kuliko la mahali alipozaliwa. Kwa hiyo daftari lenye jina laweza kumficha mtu sawasawa na daftari lisilo na jina.

Kuna hazina nyingine iliyo nono zaidi. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoraviani katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Tanzania ya leo, aliandika masimulizi ya maisha ya wanawake wazee waliowahi kutekwa na kuuzwa katika karne ya 19. Kati yao wamo Narwimba na Chisi. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright aliyakusanya masimulizi hayo na mengine katika kitabu kimoja. Hapo twawaona wanawake wakihesabu waume, watoto, njaa na vita kwa mpango wao wenyewe. Na kwa wasomaji wa Kiswahili, kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, chaonyesha mtoto wa waliokombolewa akieleza kwa Kiswahili habari za wazee wake waliofikishwa Frere Town karibu na Mombasa. Katika visa hivi vyote jambo moja hurudia: jamaa iliandikwa kwa sababu mtu mmoja aliketi, akauliza, na mwingine akakubali kusema.

Hali ya Rwanda

Sasa tuje nyumbani. Je, mwanamke aliyelima mtama na maharage katika kilima cha Rwanda zama za Mwami Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, aweza kutafutwa vipi?

Hapana daftari la serikali la zama zile. Ufalme wa Rwanda uliweka kumbukumbu zake kwa midomo ya watu waliofunzwa, na kumbukumbu hizo zilikuwa na utaratibu mkali. Katika masimulizi ya nasaba yaitwayo ubucurabwenge, kila mwami alitajwa pamoja na mama yake, na ukoo wa mama huyo ukatajwa. Twaona basi kwamba jina la mwanamke halikushindikana kuhifadhiwa. Mama wa mfalme alikumbukwa kwa sababu palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kumkumbuka. Mama wa mkulima alikumbukwa na watoto wake tu, na nguvu ya kumbukumbu hiyo ni vizazi vitatu au vinne.

Kadhalika kuna jambo la majina. Mnyarwanda hupewa jina lake mwenyewe, si jina la baba lirithiwalo na watoto wote. Anayetafuta ukoo kwa kufuata jina moja la jamaa, kama wafanyavyo watu wa Ulaya, hapa hatafika popote. Mwanamke mwenye jina lianzalo na Nyira- au Muka- twajua kuwa ni mwanamke, lakini jina lenyewe halituonyeshi ni binti wa nani. Tena mwanamke aliyeolewa hubaki katika ukoo wa baba yake, hali watoto wake ni wa ukoo wa mume. Kwa hiyo ukoo wa bibi hauendelei kwa wajukuu, na usipoulizwa mapema husahauliwa. Kwa Wayao ilikuwa kinyume: jamaa hufuata mama, na kufa kwa mama yake Swema kulikata shina lenyewe.

Maandishi ya kwanza yenye majina ya watu wa kawaida hapa Rwanda ni vitabu vya misheni. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Save na ya Zaza mwaka 1900, Nyundo mwaka 1901, Rwaza na Mibirizi mwaka 1903. Na kanisa la Sainte-Famille hapa Kigali lilianzishwa mwaka 1913, miaka michache baada ya Richard Kandt kuanzisha kituo cha Kijerumani cha Kigali mwaka 1907. Daftari la ubatizo aghalabu hutaja jina la mbatizwa, wazazi wake na msimamizi wake, pamoja na umri wa kukadiria. Hesabu yake ni rahisi. Mwanamke aliyebatizwa mwaka 1910, akakadiriwa miaka 40, alizaliwa karibu na mwaka 1870, na wazazi wake waliotajwa ubavuni walizaliwa kabla ya katikati ya karne ile. Mstari mmoja wa daftari waweza kutufikisha vizazi viwili nyuma. Misheni pia ziliandika shajara za kila siku, ambamo njaa, magonjwa na ugomvi wa mashamba vimetajwa.

Pasipo na tarehe, Wanyarwanda wana kalenda yao ya majanga: sotoka iliyoua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, njaa ya Rumanura ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, njaa ya Rwakayihura ya 1928 na 1929, njaa ya Ruzagayura ya 1943 na 1944. Mzee asemaye, “Bibi yangu alikuwa na mimba ya mama wakati wa Rumanura,” ametupa tarehe iliyo karibu sawa na ya karani.

Lakini kuna daftari moja ambalo hapana budi kulitaja kwa uzito wake. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwaandikisha watu na kutoa vitambulisho vilivyomtaja kila mmoja kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Karatasi zilizoandikwa kwa ajili ya kodi na utawala ziliifanya hali ya mtu iwe neno lisilobadilika, na mwaka 1994 vitambulisho vyenye neno hilo vilikuwa hukumu ya kifo vizuizini. Neno hilo liliondolewa katika vitambulisho baada ya mauaji hayo. Mwalimu wa Rwanda hawezi kuwaambia watoto kwamba karatasi ni kitu kisicho na lawama. Kuandikwa kwaweza kumwokoa mtu asisahauliwe, na kwaweza kumtia mikononi mwa muuaji wake. Kwa hiyo utafutaji wa jamaa tunaoufundisha hauulizi neno lile. Unauliza kilima, kazi, mazao, safari, njaa, ndoa na majina.

Kazi ya mwalimu wa Kiswahili

Msomaji aweza kuuliza haya yote yana faida gani katika kipindi cha lugha. Faida ni nyingi, tutazitaja tatu.

Ya kwanza ni msamiati. Kisa cha Swema chatupa nafasi ya kufundisha tofauti ya maneno ambayo vijana huyachanganya. Mtumwa asili yake ni kitenzi kutuma, yaani mtu wa kutumwa. Mateka ni aliyetekwa, awe ameuzwa au hajauzwa. Rehani ni kitu, na zamani hata mtu, kilichowekwa kwa deni. Mjakazi ni mtumwa wa kike. Suria ni mwanamke mtumwa aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Mama yake Swema hakutekwa, hakununuliwa, hakuwekwa rehani. Ni neno gani limfaalo? Mwanafunzi akilijadili swali hilo kwa nusu saa, atakuwa amejifunza Kiswahili na historia kwa pamoja.

Ya pili ni tafsiri. Maneno ya Swema yalitoka katika fikra za mtoto wa Kiyao, yakaandikwa kwa Kifaransa, yakachapishwa Paris, yakachambuliwa kwa Kiingereza. Sisi tunayasimulia kwa Kiswahili, lugha iliyosikika katika misafara yenyewe na pwani alikopelekwa. Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, wajibu wetu umeongezeka wa kuyarudisha masimulizi kama haya katika lugha ambazo watu wetu huzisoma.

Ya tatu ni insha yenyewe. Twapendekeza mwanafunzi aanze na aliye hai: amwulize mzee mmoja wa kike, wa kwao au wa jirani, majina ya mama yake na bibi yake, na ukoo wa kila mmoja. Aandike maneno kama yalivyosemwa, kwa Kinyarwanda, kisha ayatie katika Kiswahili pembeni. Aweke tarehe kwa kalenda ya njaa. Baada ya hapo, kama jamaa ilikuwa ya kanisa, aombe ruhusa ya kutazama daftari la parokia. Mwisho aandike mambo aliyoyapata na mahali alipoyapata, kila jambo na shahidi wake. Na yule asiye na mzee wa kumwuliza aanze na kitu kimoja anachokijua, jina la kilima au la shamba, na darasa zima limsaidie. Kilima hukumbuka kwa vinywa vya majirani.

Mama yake Swema amejulikana kwetu kwa kuwa mtoto wa miaka kumi alikataa kumwacha njiani katika maneno yake, hata baada ya kulazimishwa kumwacha njiani kwa miguu yake. Bibi wengi waliolima vilima hivi hawakupata msimulizi wa namna hiyo, na wale wanaoweza bado kuyataja majina yao ni wazee sana sasa. Tuwatume wanafunzi wetu kwao muhula huu, kila mmoja na daftari na kalamu, tusingoje mwaka ujao.